Bomba la Nyuma ya Ofisi

Mtu aliyepitia niliyopitia mimi hashangazwi na kitu. Nimelisema hilo miaka yote na watu wangu wamelichoka. Shule niliishia darasa la nne, Kilolo, baba alipofariki na ng'ombe wakabaki hawana mtu. Nimelala juu ya magunia ya viazi kwenye lori kutoka Makete mpaka Dar es Salaam, baridi ikininyofoa masikio. Tunduma nilitapeliwa na mtu aliyevaa kola ya kichungaji na kunishika kichwa akiniombea. Idodi niliuziwa ng'ombe mgonjwa, nikamtibu mwenyewe, nikamuuza kwa bei iliyomfanya yule aliyeniuzia ashindwe kulala. Leo nina nyumba ya wageni yenye maji ya moto kila chumba, na mgahawa ambao madereva wa malori ya Zambia wanaujua kwa harufu ya nyama kabla hawajaona taa. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, wala mfadhili. Kila tofali ni jasho langu.

Kwa hiyo ungeniambia kwamba siku moja nitashangazwa na maji ya bomba, ningekuagizia soda ukae, tucheke pamoja.

Mji wetu mdogo uko barabara kuu, ukitoka Iringa kwenda Mbeya, ukishapita Nyololo. Jina lake siliandiki, maana biashara yangu iko pale na watoto wangu wanasoma pale. Maji yetu yanatoka kwenye chemchemi mlimani, yanashuka kwa bomba mpaka kwenye tangi la saruji nyuma ya ofisi ya maji, halafu yanagawanywa mjini. Nilipofika pale mara ya kwanza, huko juu kulikuwa na msitu. Siku hizi watu wamelima vinyungu, zile bustani za bondeni za mahindi ya kiangazi na kabichi, mpaka mdomoni mwa chemchemi, na ng'ombe wanakunywa palepale wanapojisaidia. Mvua ikinyesha, ukifungua bomba kwangu yanatoka maji ya rangi ya chai ya maziwa. Hilo si siri. Mtoto wa chekechea anajua. Na kila mwisho wa mwezi ujumbe unaingia kwenye simu: lipa. Nami nalipa, maana sipendi mtu aje kunisimamia mlangoni.

Sasa sikiliza yaliyonipata.

Jumamosi moja ya masika kwaya ya Kilutheri ilisimama kwangu, basi zima, wakielekea Mbeya kwenye mashindano. Walikula wali, kuku, maharage na kachumbari. Walikula vizuri, wakanishukuru kwa wimbo palepale barazani, mpaka wapita njia wakasimama. Walipofika Mbeya hawakuimba. Walikuwa wanapishana chooni. Sauti ya nne yote, wale wa besi, ililazwa, watu wanene wale, wamewekewa dripu.

Jumatatu asubuhi bwana afya alikuja. Ni kijana mrefu, mpole, shati limepigwa pasi, na mkononi ameshika kufuli jipya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kufuli la nini hilo?"

"La mgahawa wako, mzee wangu. Nisamehe. Wanakwaya wote waliougua walikula kachumbari kwako."

"Na kachumbari ilioshwa kwa maji gani?"

"Ya bomba, nadhani."

"Unadhani! Kwangu kuna mto? Ni maji yenu hayo, ninayoyalipia. Kapime maji."

"Maji yalishapimwa mwezi uliopita, mzee. Ni salama."

"Yalipimwa bomba gani?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la babu yake wa kumi. "Mzee, bomba ni bomba."

Akafunga mlango wangu mbele ya wapishi wangu, mbele ya wateja waliokuwa wanasubiri supu. Mpaka ithibitike kwamba jikoni kwangu hakuna uchafu, hakuna kupika. Na huku Pasaka inakuja, mabasi yamejaa, kila basi linalosimama ni fedha inayotembea na miguu. Lakini si fedha iliyonichoma zaidi. Ni jina. Miaka yote niliyojenga jina lile, na sasa mabasi yalikuwa yanapunguza mwendo pale mlangoni, makondakta wanachungulia dirishani na kupiga kelele, "Kwa mzee wa dripu! Wa kushuka?" halafu basi zima linacheka na kuondoka.

Nikaenda ofisi ya maji. Mkuu wa pale ni msomi, ana shahada, ana tumbo linaloanza kumtangulia. Akanikaribisha kiti. Nikakataa kiti.

"Nataka kujua mnapima maji wapi."

"Tuna utaratibu, baba. Wataalamu wanakuja kutoka Iringa, wanachukua sampuli, inakwenda maabara."

"Wanachukua wapi?"

"Hapa."

"Hapa wapi?"

Akanitoa nje, akanionyesha kwa kidole. Bomba la nyuma ya ofisi, limeegemea tangi kama mtoto aliyeegemea mama yake. Na juu ya tangi ndipo wanapotia dawa, wanapokumbuka kutia. Yaani maji yanatoka kwenye dawa, yanapimwa kabla hayajapita hata mtaa mmoja, kabla hayajaingia kwenye mabomba yaliyopasuka yanayopita chini ya vyoo vya watu.

"Kwa nini hapa?"

"Ni karibu, baba. Wageni wanafika wamechoka na safari, wanapata chai, wanachukua maji, wanaondoka."

"Kwa hiyo mgonjwa akija hospitali, mnampima damu daktari, kwa sababu yuko karibu?"

Makarani wawili waliokuwa dirishani wakacheka. Nami sikuondoka. Nilisimama pale mpaka akapiga simu Iringa, na mimi nasikia, wakakubaliana kwamba wataalamu waje wachukue maji kwangu, jikoni kwangu. Alhamisi ya wiki inayofuata, saa nne. Nikatoka pale nimevimba kifua. Nilijua nimeshinda. Wakipima bomba langu, dunia nzima itajua nani mchafu.

Jumatano nilikuwa na safari ya Mbeya kufuata mchele, safari iliyopangwa zamani. Nyumbani nilimwachia mama yangu. Mama ni Mhehe wa Kilolo, mzee sana, na tangu nimjengee chumba kwangu, yeye ndiye bosi wa kweli wa pale. Nilimwambia tu, "Mama, kesho wanakuja watu wa serikali kupima maji. Nisipowahi, uwapokee." Nikaondoka.

Nilirudi Alhamisi mchana. Gari la serikali lilikuwa limeegeshwa uani kwangu. Sikuutambua ua wangu. Umefagiwa mpaka ardhi inang'aa, mawe ya bustani yamepakwa chokaa nyeupe, kama wanavyofanya shuleni anapotarajiwa mkuu wa mkoa. Wataalamu wako barazani na kuku wa kienyeji mbele yao, mkuu wa maji anakula nao, bwana afya yuko pembeni na paja mkononi. Mama amevaa kitenge cha kanisani.

"Kamwene, mama," nikamsalimia Kihehe chetu.

"Kamwene, mwanangu. Njoo ule. Wageni wameshamaliza kazi."

Chupa ilikuwa tayari kwenye boksi la barafu. Sitaficha, nilijisikia vizuri. Nikawaza, hata wakinichukia, wataandika kwamba kwa tajiri huyu walipokewa kama watu.

Majibu yakaja. Maji ya jikoni kwangu ni salama, hayana kimelea hata kimoja. Bwana afya alinisomea kwa sauti ya huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyonitia wazimu.

"Umeona, mzee? Basi tatizo ni usafi wa jikoni. Wapishi wapimwe, jiko lijengwe upya, sinki ziongezwe, halafu tutakagua tena."

Nilirudi nyumbani. Mama alikuwa anachambua mboga uani. Nikamweleza. Unajua alifanya nini? Alitabasamu.

"Nilijua tu yatatoka safi," akasema. "Nilisimamia mwenyewe."

"Ulisimamia nini, mama?"

"Tangi lako la nyuma ya jiko. Nilimwambia mpishi wako amwage maji yote, aingie ndani, alisugue. Mlikuwa na tope humo, na vyura. Tukajaza upya. Halafu nikatia ile dawa ya kufulia nguo nyeupe, vifuniko kadhaa, nikakoroga na mti. Yalinukia hospitali kabisa."

"Mama! Nilitaka wayaone yalivyo machafu!"

Akaniangalia kama anamtazama mtoto aliyekunya mbele ya askofu. "Wewe baba, una akili? Mgeni atoke Iringa, aje kwangu, nimpe maji yenye vyura? Watasema mama yake huyu hakulelewa? Nyumba ya baba yako hata mgeni wa kupita njia alikuwa ananawishwa."

Ungemjibu nini? Mimi nimebishana na mapolisi wa mpakani, nimebishana na madalali wa Kariakoo, lakini pale nilikaa kwenye kigoda nikasaidia kuchambua mboga. Kwetu ndivyo tulivyo. Mgeni akisema anakuja, nyumba inageuka. Hata maskini anaazima shuka.

Na hapo, mkono wangu ukiwa kwenye majani ya maboga, akili ikafunguka. Kama mama yangu amefanya hivyo kwa heshima tu, wenye maji wenyewe walifanya nini? Nikanyanyuka, nikaenda kwa mama anayeuza supu na chai stendi, anayefungua bomba kuliko mtu yeyote pale mjini.

"Dada, Alhamisi ile walipokuja watu wa Iringa, maji yalikuwaje?"

"Usinikumbushe, kaka. Yalinuka dawa tangu alfajiri. Chai yangu ilirudishwa yote, dereva mmoja ananiuliza nimepikia kwenye dimbwi la kuogelea. Sijawahi kuona."

"Na jana?"

"Jana mvua ilinyesha. Si unaona?" Akanionyesha ndoo. Chai ya maziwa.

Kumbe basi. Mimi nilikuwa na mwenye nyumba mmoja aliyesafishia wageni, nao walikuwa na mji mzima. Wanatangaza siku, wanatangaza saa, halafu wenyewe wanakwenda kutia dawa ya kutosha kuua mamba, na wanarudi mezani na karatasi inayosema salama. Huko si kupima maji, huko ni kutembeleana. Umewahi kusikia trafiki anampigia dereva simu kwamba Alhamisi saa nne atasimama kona ile na tochi ya mwendo?

Nikaamua. Safari hii sikupiga kelele, nilifanya kazi kama ninavyofanya biashara. Nilikwenda Mbeya kwenye maabara, maana sampuli ya kwanza ilikuwa imekwenda Iringa na nilitaka macho mengine. Nilibeba maji yangu kwenye chupa ya soda. Dada wa maabara hakuyagusa.

"Baba, haya hata yakijaa mavi siwezi kuyaandikia. Chupa yenyewe ilishakuwa na nini? Na nani alikuona ukichota?"

"Mimi mwenyewe nilijiona."

Akacheka, lakini akanisaidia. Akanipa chupa zilizosafishwa, zimefungwa, akanieleza: mdomo wa bomba uchomwe moto kwanza, maji yamwagike kidogo, chupa isiguswe ndani, iwekwe kwenye barafu, ifike siku hiyohiyo kabla saa sita hazijapita tangu kuchotwa. Na achukue mtu mwenye mamlaka, atie sahihi. Nikashika yote. Barafu najua, nimesafirisha samaki wa Kyela.

Mkutano wa hadhara wa mji ulikuwa umekaribia. Mvua ikanyesha usiku wa kuamkia siku hiyo, asante Mungu. Asubuhi, baada ya maombi na taarifa ya mapato, mwenyekiti akauliza kama kuna mengineyo. Nikasimama.

"Mimi ndiye mzee wa dripu," nikasema, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Nikawaacha wacheke mpaka waishe. "Sasa nataka kuwauliza. Leo asubuhi mmekunywa nini?"

Watu wakaanza kugeukia upande alikokaa mkuu wa maji.

"Mkuu wa maji yuko hapa. Bwana afya yuko hapa. Bomba la shule ya msingi liko pale, ndilo la mwisho kwenye laini, na watoto wenu wanakunywa hapo kwa mdomo. Nimekuja na chupa za maabara, na boksi, na barafu. Gari langu limejaa mafuta. Tukapime sasa hivi."

Mkuu wa maji akasimama haraka. "Ndugu mwenyekiti, upimaji una utaratibu. Lazima taarifa itolewe—"

"Taarifa ya nini?" mama wa supu akadakia kutoka nyuma. "Maji yajiandae?"

Basi hapo ndipo palipovunjika. Watu walicheka, halafu wakaacha kucheka, ndipo nilipoona bwana afya anamtazama mwenyekiti, anatazama umati, anatazama viatu vyake. Mwishowe akasema, "Nitachukua mimi." Sauti ndogo, lakini tulisikia.

Tukaenda wote, mkutano mzima, mpaka kwenye bomba la shule. Alichoma mdomo wa bomba kwa moto, akafungua. Yakatoka maji ya kahawia na kijani kidogo, kama ya mtaro. Mzazi mmoja akafunika mdomo kwa kanga. Bwana afya akajaza chupa, akatia sahihi, akaziba, na akaingia kwenye gari langu na boksi mapajani. Mkono uleule ulionifungia kufuli.

Njiani tulikwama nyuma ya malori. Nilipita magari siku ile kwa namna ambayo sitaiandika. Yeye alikuwa ameshika boksi kwa mikono miwili, jasho linamtoka.

"Kijana," nikamwambia, "kwa nini huwa hamji bila kusema?"

"Mzee, gari naliomba wiki nzima kabla. Mafuta nayaomba kwa ofisi ileile ninayokwenda kuikagua. Na nikija bila taarifa naambiwa sina adabu. Kuna mahali nilinyimwa kufunguliwa geti, mlinzi akaniuliza nimelelewa wapi."

"Kwa hiyo adabu ndiyo inayotuua."

Akaliweka sawa boksi mapajani. Halafu akasema, "Mama yako alinipa paja, mzee. Ningeuliza nini tena?"

Nilitaka kumkasirikia zaidi, ikashindikana. Hasira yangu ikabidi niihamishie juu zaidi, kwa hao waliopanga kwamba mkaguzi aombe mafuta kwa anayekaguliwa. Hao wako wapi, sijui. Ningekuwa najua, ningekwenda na boksi langu.

Tulifika barafu bado ngumu. Yule dada akafungua, akatazama saa, akatazama sahihi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Majibu yalipotoka yalikuwa ya kutisha: vimelea vya kinyesi, vya watu na vya wanyama, na maji hayajatiwa dawa hata tone. Bwana afya alikuja kufungua kufuli kwa mkono wake, mbele ya watu walewale, na nilimwambia apunguze haraka ili wote waone. Shule ikaletewa tangi na dawa. Ofisi ya maji ikatangaza kwamba watoto wachemshiwe maji, na kwamba kuanzia sasa sampuli zitachukuliwa mabomba ya mwisho. Kwaya ikarudi, ikala, ikaimba. Kachumbari hawakuigusa, nami sikuwalaumu.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye furaha. Lakini mwisho wa mwezi ujumbe uliingia kwenye simu, na haukuwa wa maji peke yake. Nikaenda ofisini. Mkuu wa maji alikuwa na adabu safari hii, akasimama nilipoingia.

"Hii nyingine ni nini?"

"Ni gharama ya upimaji, baba. Upimaji ukifanyika kwa maombi ya mteja, mteja analipia. Maabara, posho ya mtaalamu, na mafuta."

"Mafuta! Gari lilikuwa langu!"

"Najua, baba. Lakini mfumo unaweka wenyewe. Mimi siwezi kufuta."

"Mmeninywesha kinyesi, mmenifungia mgahawa, nimewathibitishia kwa gari langu kwamba maji yenu ni machafu, halafu nawalipa ninyi?"

"Usipolipa," akasema kwa upole, akitazama meza, "mfumo unakata maji wenyewe pia."

Hapo, nakiri mbele yenu, nilishangaa. Nilisimama mlangoni kwa mtu yule nikausoma ule ujumbe mara ya pili, mimi ambaye Tunduma nilipotapeliwa nilicheka. Mama aliposikia alisema nilipe, wageni wasije wakakosa maji ya kunawa. Nikalipa. Shilingi laki mbili, elfu kumi na tatu na mia tano.